Blade Runner: kitabu nacho kisome

Ndugu, umeuliza kama mtu aliyekwisha kuiona Blade Runner ana haja ya kusoma riwaya iliyoizaa. Anayo, tena kubwa. Uhai wa riwaya ile ni wanyama, na filamu imewaacha karibu wote nje.

Philip K. Dick aliitoa mwaka 1968, kwa jina Do Androids Dream of Electric Sheep? Vumbi la vita limemaliza karibu wanyama wote, na kufuga aliye hai ndiyo heshima ya mtu. Deckard, mhusika mkuu, ana mke, na juu ya paa anafuga kondoo wa umeme ambaye majirani wanadhani ni wa kweli. Anawinda watu wa kutengenezwa ili apate pesa ya kununua mnyama halisi. Filamu ya Ridley Scott ya 1982 imemwondoa mke na kuhama San Francisco kwenda Los Angeles.

Kuna mahali paliponishika: Pris, mmoja wa hao watu wa kutengenezwa, anachukua mkasi na kumkata buibui miguu, mmoja mmoja, aone kama minne itamtosha kutembea. Isidore, binadamu pekee chumbani, anaumia kama anakatwa yeye. Kwa Dick, mashine haina huruma. Filamu imegeuza kabisa: Roy Batty, aliyetengenezwa, ndiye anayemdaka Deckard asianguke, kisha anakufa kwenye mvua. Hapo filamu imekishinda kitabu, maana kitabuni Roy anapigwa risasi upesi tu.

Lakini usiruke kurasa za mbuzi anayenunuliwa katikati. Kilichompata kiliniuma kuliko kifo chochote cha kwenye filamu.