Konzi ya Unga Katika Pipa: Maswali Yenu ya Jikoni

Barua nyingi za safari hii zimetoka katika nyumba ambazo kipato kimepungua au hakijulikani kitakuja lini. Nimechagua chache. Waliouliza namna ya kupika pilau bila kutaja idadi ya walaji wala aina ya jiko, kama nilivyokwisha kuomba mara nyingi, watanisamehe.

Maharage yangu hukaa motoni karibu saa tatu na humaliza mkaa wa makopo mawili. Nitie magadi? (Mama wa watoto wanne, Morogoro)

Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara anayeuliza hasemi kama aliyaroweka. Yaroweke usiku kucha, asubuhi umwage yale maji, kisha uyachemshe katika maji mapya kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Hizo dakika 10 si mapambo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto hafifu hauiondoi, na anayekula maharage mabichi kidogo huweza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Yakishachemka kwa nusu saa au zaidi, ipua sufuria ikiwa na kifuniko chake, iweke ndani ya kapu lililotandikwa matambara mazito, funika kwa mto, na uendelee na kazi zako. Joto lililomo litaendelea kuyaivisha bila mkaa wowote. Kabla ya kupakua, yarudishe motoni yachemke tena. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1, na mtu ambaye maharage ndiyo nyama yake hana sababu ya kuharibu kilichomo. Kama hata baada ya yote hayo yanabaki magumu, umeuziwa ya zamani yaliyokaa ghalani penye joto na unyevu. Wiki ambayo mkaa ni haba, pika choroko.

Ni kiungo gani kitakachoufanya mchuzi usio na nyama uwe na ladha ya nyama?

Kitunguu kilichokaangwa polepole mpaka kikawa cha rangi ya kahawia, wala si kile kidonge cha dukani ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi.

Wali uliobaki usiku tunakula asubuhi, nasi hatuna friji. Jirani anasema ni hatari, lakini Yesu mwenyewe aliagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu. (Msomaji, Tanga)

Vipande vilivyokusanywa siku ile vilikuwa vya mikate ya shayiri, si wali wa nazi uliolala katika joto la Tanga. Jirani yako amesema kweli. Katika mchele huwamo vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi katika uvuguvugu, vijidudu hivyo huzaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi, hata ukipasha mpaka ukoko ushike. Wala kusema Bismillahi au kufumba macho kwa sala hakukuwekwa kuwa dawa ya chakula kilichoharibika. Amri ya kutopoteza hutimizwa kabla ya kuinjika sufuria, kwa kupima mchele kwa kikombe kulingana na vinywa vilivyopo usiku huo. Nyumba inayobakiza kiporo kila siku haijajua inalisha watu wangapi, na kutojua huko hakuwezi kuitwa ukarimu.

Mume wangu amepunguziwa siku za kazi. Tunakula ugali na mchicha, watoto wanauliza nyama iko wapi, nami naona kama nadanganya ninapoongoza sala ya kushukuru. (Muumini, Dodoma)

Dada yangu, msome tena yule mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17. Eliya alipomwomba kipande cha mkate, hakusema kwamba mambo ni mazuri. Alisema alicho nacho ni konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa. Alikijua kipimo chake, akakitaja, kisha akapika. Basi nawe kila Jumamosi fungua madebe, hesabu kilichomo, na uwaambie watoto kwa lugha yao kwamba kazi ya baba imepungua na chakula hiki kitafika siku fulani. Ukishukuru kwa unga uliouhesabu, hudanganyi.

Sasa sufuria yenyewe. Mchicha usiupike kwa maji matupu, kwa kuwa vitamini A iliyomo huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti au karanga zilizotwangwa vinatosha. Siku mbili kwa wiki pika makande, maana mahindi na maharage hukamilishana kwa protini. Dagaa wakavu waliotwangwa pamoja na mifupa yao wanaweza kuingia katika mboga yoyote, na mtoto asiyewapenda hatawaona. Ukipata wageni, wapakulie; Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu.

Hukuniuliza hili, lakini nitalisema: nina shaka kwamba wewe hujipakulia mwisho, tena ukoko. Acha. Na kama debe likiisha kabla ya siku uliyohesabu, mwambie mtu kanisani mapema, kwa sababu imani haikuamrishi kunyamaza huku watoto wakilala na njaa.

Nimepata mahindi ya bei nafuu sana yenye ukungu kidogo. Nikiyaosha na kuyakoboa yatafaa?

Hayafai. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika, na kukoboa hupunguza tu, hakumalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara, katika nyumba zilizokula mahindi ya kawaida kabisa. Usiwape hata kuku. Karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi ziweke katika hesabu hiyo hiyo, hata muuzaji akikuongezea za bure.

Mafuta ya kukaangia yarudiwe mara ngapi?

Yakiwa meusi, yakitoa povu au kufuka moshi upesi, yamekwisha. Na kwa nini nyumba isiyo na fedha inakaanga kila siku?

Ukoko wa wali ufanyiwe nini?

Uliwe ungali moto, na kwa zamu. Ukiwa umeungua na kuwa mweusi, roweka sufuria kwa maji na jivu, na kesho upunguze mkaa mapema.