Kazi ya lishe Marekani: usidanganywe na ile sauti ya kwenye grupu

Mdogo wangu,

Ile sauti inayozunguka kwenye grupu la waliosoma lishe SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, nimeisikiliza yote. Eti Marekani wanahangaika kutafuta wataalamu wa lishe, wewe beba cheti chako tu, ukishuka uwanjani kesho yake uko wodini. Aliyesema amewahi kuifanya hiyo kazi huku? Mimi niko hospitalini, kweli kabisa. Niko jikoni.

Napanga sinia. Kadi ya mgonjwa inakuja imeandikwa chumvi kidogo, au kinywaji kizito kwa asiyemeza vizuri. Naweka sahani, nafunika, nasukuma toroli. Juzi mzee mmoja Mkongomani, anasafishwa damu kwa sababu ya figo, akaniuliza kama maharage anaruhusiwa. Kuloweka, kuchemsha, kumwaga maji, kupima kiasi: hayo niliyaeleza sana nilipokuwa afisa lishe Iringa. Nikamjibu, "Subiri mzee, namwita mtaalamu." Hapa hospitalini kwetu asiyesajiliwa haruhusiwi kumshauri mgonjwa. Akaja binti mpole na kipeperushi chenye picha za vyakula ambavyo mzee hajawahi kuvitia mdomoni. Alipotoka, mzee akanishika mkono: "Sasa maharagi, dada?" Nikasukuma toroli langu.

Hicho ndicho kinachoniuma. Baridi unaizoea.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, bila shahada ya uzamili huruhusiwi hata kukalia mtihani wa kusajiliwa kuwa mtaalamu wa lishe. Mmarekani mwenye shahada ya kwanza naye anakwama hapohapo. Juu yake kuna fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya saa zisizopungua 1,000, na mara nyingi hulipwi. Wengine ndio wanaolipa ada. Cheti chetu nacho lazima kwanza kitathminiwe. Hoja ya viongozi wa taaluma naielewa: fani nyingine za afya zilishapandisha elimu, nao wanataka wasikilizwe mezani na madaktari. Sawa. Ila chama chao kilianzishwa na wanawake, Cleveland, mwaka 1917, nchi ikiwa vitani na chakula kikitakiwa kitunzwe. Sijui wangapi kati ya wale mama wangepita kwenye mlango wa leo.

Unaniuliza kwa nini sirudi. Iringa ile inayolisha mahindi nchi nzima, utafiti wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, na mimi nilikiacha kiti changu halmashauri. Ukiondoka na wewe, kliniki ya wilaya anabaki nani? Lakini mshahara wa sinia ndio ulioezeka nyumba ya mama, kwa hiyo sina mdomo wa kukuhubiria.

Usije. Na ukija, usije kwa viza ya matembezi. Tafuta chuo chenye uzamili na fildi humohumo, kikupe na ufadhili. Transkripti, zile karatasi za matokeo yako ya chuo, ziombe sasa hivi, kabla hujagusa begi, maana kuzifuatilia ukiwa mbali ni mateso. Kiwanja usiuze. Wakikwambia huwezi kuja bila kuuza kiwanja, basi kaa, jenga, fanya kazi. Unaheshimika hapo kuliko mimi hapa. Ukipata ufadhili, nipigie hata saa nane usiku, sofa ipo. Ada ya kutathmini cheti nitalipa mimi. Nauli, hapana.