Zima chaja kwanza, ndipo uguse klipu

Jana dogo mmoja hapa kazini amechomoa klipu huku taa ya chaja bado inawaka na betri sita zinachemka pembeni yake. Nimempigia kelele hadi wateja wakageuka. Nawaandikia wote mlioanza mwaka huu, maana naona mnarudia yaleyale.

1. Zima chaja ukutani, fungua madirisha, ngoja, ndipo uguse klipu. Betri ikikaribia kujaa, salfeti ya risasi (ule utando unaojengeka kwenye sahani, yaani mabamba ya ndani, betri inapoisha chaji) imekwisha kugeuka, kwa hiyo umeme unaanza kuvunja maji: haidrojeni inatoka kwenye sahani hasi, oksijeni kwenye chanya. Mapovu mnayoyafurahia ndiyo hayo. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Haina rangi wala harufu. Kinachowawasha pua ni ukungu wa asidi.

Mimi nilikuwa nayajua haya yote. Ilikuwa masika, mvua inapigwa na upepo, nikafunga mlango na dirisha la stoo, nikaacha betri nne za malori kwenye chaja usiku kucha. Asubuhi mwenye lori amesimama nje ana haraka. Nikaingia na kijana niliyekuwa namfundisha, nikavuta klipu. Cheche sikuiona. Nilisikia mlio kama wa tairi la lori linapopasuka, masikio yakaziba, na mfuniko wa betri ukawa vipande sakafuni. Nilikuwa na miwani. Kijana hakuwa nayo, kwa sababu stoo nzima ilikuwa na miwani moja, na niliivaa mimi. Nikamlaza chini, nikammiminia maji machoni jagi baada ya jagi. Analia niache, sikuacha, mpaka usafiri ulipofika. Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyookoa jicho. Jioni shati lake lilikuwa limejaa matundu. Mama yake alipofika, kabla hajaambiwa lolote, alinisalimu, "Fundi, poleni na kazi." Nilishindwa kuitikia.

2. Kiwango kikishuka ongeza maji ya betri, siyo asidi. Kilichopungua ni maji. Asidi imebaki humo ndani. Ukiongeza asidi, haidromita, kile kipimo cha ukali wa asidi, itakuonyesha 1.280 ya kupendeza kama ya betri iliyojaa huku sahani zinaliwa. Maji ya bomba hapana, yana chumvi.

3. Ukichanganya mwenyewe, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole. Ukigeuza, mchanganyiko unachemka ghafla na kukurukia.

4. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, hivyo inapanda na kukaa darini. Dirisha la usawa wa kiuno pekee halitoshi. Baada ya ajali ile nilitoa matofali mawili chini ya bati, na kijana yule yule, jicho bado jekundu, ndiye aliyenishikia ngazi. Leo ana chumba chake cha betri, na matundu ameyaweka juu.

Mlangoni kwetu sasa kuna msumari wenye miwani nne. Asiyevaa haingii, hata akiwa mwenye lori.