Jibu: Kamati ya maadili ipo, kesi haziletwi

Habari ndugu. Unasema kamati yenu ya maadili hospitalini, ile inayoshauri pale uamuzi wa matibabu unapokuwa mgumu au wenye mvutano, imemaliza mwaka bila wodi kuwaletea hata kesi moja. Nilikaa kwenye kamati ya namna hiyo.

Angalia kwanza nani anaruhusiwa kuwaita. Kwetu ilikuwa lazima daktari bingwa asaini fomu, na mara nyingi yeye mwenyewe ni upande mmoja wa mvutano. Muuguzi aliyeona familia ikigombana juu ya kumwondoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia alinyamaza, anaogopa. Inauma hadi leo. Tulipowaruhusu wauguzi, wagonjwa na ndugu zao, simu zikaanza kuingia.

Kisha wekeni wajumbe wawili wa zamu. Mgonjwa mahututi hasubiri kikao cha mwezi. Na waelezeni madaktari kwamba mnashauri tu, hamhukumu mtu.