Swali la lugha: Mahakama haina uwezo, au haina mamlaka?

Msomaji wa Likoni, Mombasa nchini Kenya, ambaye huwasaidia majirani kuandika barua za kesi, anauliza: "Nakuta watu wakiandika 'mahakama haina uwezo', 'haina nguvu', 'haina mamlaka', na wengine 'kesi iko nje ya himaya ya mahakama'. Je, yote ni sawa? Na hakimu akiiondoa kesi kwa sababu hiyo, nikiandika kwamba mlalamishi ameshindwa nitakuwa nimekosea?"

Andika mamlaka. Uwezo waachie watu: mtoto wa chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kufungua kesi peke yake, mtu mzima humfungulia kwa niaba yake. Ukiandika kwamba mahakama haina uwezo, msomaji atadhani imekosa hakimu, au hakimu aliyepo kazi imemshinda. Nguvu ni sifa ya amri: amri hii ingali na nguvu, ile muda wake umekwisha. Himaya ni ulinzi, au milki ya mtawala; kwenye barua ya kesi haina kazi.

Upatanisho wa kisarufi nao una mtego. Mamlaka ikiwa ni taasisi, wengi husema "Mamlaka ya Bandari imetangaza". Ikiwa ni haki ya kuamua, sema "mamlaka hayo yametolewa na Katiba". Ukichanganya, "mamlaka imekataa kesi" itasomeka kana kwamba kuna ofisi fulani iliyokataa.

Lakini neno peke yake halitoshi. Barua inayosema tu "haina mamlaka" inamwacha mwenye kesi gizani, hajui aende wapi. Taja ni mamlaka ya nini yaliyokosekana, kwa maana hukosekana kwa njia tofauti na kila njia ina dawa yake.

Kuna thamani ya dai. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, Hakimu Mkuu husikiliza madai yasiyozidi Sh20 milioni, na Hakimu Mkazi Sh5 milioni; vyeo vya katikati vina viwango vyao. Mahakama ya Madai Madogo mwisho wake ni Sh1 milioni. Basi usiandike "kesi ni kubwa mno kwa mahakama hii". Andika: "Dai ni la Sh8 milioni, nalo linazidi kiwango cha Hakimu Mkazi."

Kuna mahali. Watu wawili wa Kisauni wakigombania shamba lililoko Kilifi, kesi hufuata shamba, haifuati nyumba zao. Deni la kawaida hufunguliwa mdaiwa anapokaa au anapofanyia kazi, au pale chanzo cha dai kilipotokea. Hapa sema "eneo la mamlaka".

Kisha kuna aina ya mgogoro, na hapa ndipo watafsiri wengi hujikwaa. Katiba inaipa Mahakama Kuu mamlaka yasiyo na kikomo katika kesi za jinai na za madai. Mtu akisoma "yasiyo na kikomo" huona kila kitu kimeingia. Lakini Kifungu cha 165(5) cha Katiba hiyo hiyo kinaizuia kugusa mambo ya Mahakama ya Juu, na yale ya mahakama mbili zenye hadhi sawa nayo: ya Mazingira na Ardhi, na ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kibarua aliyefutwa kazi Changamwe hawezi kukimbilia Mahakama Kuu kwa hoja kwamba haina kikomo. Kwa hiyo usiliache "yasiyo na kikomo" likining'inia. Ongeza mara moja, "isipokuwa mambo yaliyotengewa mahakama nyingine".

Mahakama ya Kadhi inahitaji uangalifu zaidi, hasa huku kwetu ambako watu huzoea kusema "twende kwa kadhi" kwa jambo lolote la Waislamu. Kifungu cha 170(5) kimeweka masharti matatu yanayokwenda pamoja: suala liwe la sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali mamlaka ya kadhi. Maneno ya kukazia hapo ni "wote" na "wakubali". Ndugu wawili wakidaiana fedha za duka la ubia Majengo, uislamu wao hauligeuzi deni hilo kuwa la kadhi. Na kwenye mirathi, mhusika mmoja akiwa si Mwislamu, sharti la pili limevunjika.

Sasa angalia neno "kukubali". Kanuni ya jumla ni kwamba ridhaa ya wahusika haiipi mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa. Kwa kadhi, Katiba yenyewe imeifanya ridhaa kuwa sharti, lakini ni moja tu kati ya matatu. Basi usiandike "kadhi ana mamlaka kwa sababu walikubaliana". Andika: "suala ni la talaka, wahusika wote ni Waislamu, na wote wamekubali mamlaka ya kadhi."

Swali la pili: ndiyo, utakuwa umekosea. Katika kesi ya meli Lillian S ya 1989, Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufaa alieleza kwamba mamlaka ndiyo kila kitu. Mahakama ikiona haina, haipigi hatua moja zaidi. Maana yake ushahidi haukupimwa, na hakuna aliyeshinda wala kushindwa juu ya dai lenyewe. "Kesi imetupiliwa mbali" humfanya mlalamishi aamini mambo yamekwisha. Andika "kesi imeondolewa kwa kukosa mamlaka", naye ataelewa kwamba anaweza kuifungua upya panapostahili.

Ila mwambie pia afanye haraka. Msimamo wa muda mrefu wa mahakama zetu ni kwamba kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka haihamishwi, kwa kuwa hakuna kesi halali ya kuhamisha. Itabidi aanze upya, na muda haukumsubiri: dai la mkataba lina miaka 6, la madhara kama ajali miaka 3. Mtu wa ajali aliyepoteza miaka miwili na nusu kwenye mahakama isiyo yake amebakiwa na miezi sita kwa wingi, au amechelewa kabisa. Kwa hiyo katika barua hiyo, chini ya "imeondolewa kwa kukosa mamlaka", andika tarehe dai lilipozaliwa na tarehe ya mwisho ya kulifungua.