Mbona jina langu jekundu? Anko wa Steshenari anajibu maswali ya rangi na fonti

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya yule jamaa aliyeniletea kadi ya kipaimara ya mtoto wake yenye fonti 6 tofauti, nikadhani nimechekesha watu yameisha, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka simu ikagoma. Kwa wageni, mi nina kisteshenari karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, nachapa, naprinti, natoa kopi, nalamineti, kwa hiyo maandishi ya watu ndo chakula changu. Nimechagua maswali manne.

Shimbonyi Anko. Mi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya kaka yangu, tuko Moshi, Pasua. Kila Ijumaa natengeneza listi ya michango kwenye Excel, aliyemaliza ahadi namweka kijani, aliyetoa nusu njano, ambaye hajatoa kitu nyekundu, halafu napiga skrinishoti naitupia kwenye grupu la WhatsApp. Wiki iliyopita baba mdogo amelefti grupu. Hajagombana na mtu, kaandika tu "mmenipaka rangi" akaondoka. Ahadi yake ilikuwa laki 2. Sasa mama ananilaumu mimi. Hivi nimekosea nini wakati rangi ni za kurahisisha tu? Na kwanza kwa nini watu tunapenda sana kupaka maandishi rangi? – Mweka hazina aliyechoka, Moshi

Mangi pole, ila baba mdogo nae simlaumu.

Tuanze na hilo swali la mwisho maana ndo lenye nyama. Tukiongea uso kwa uso mtu ana sauti, ana mikono, ana macho, akikuambia "njoo" unajua hapo hapo kama ni njoo ya kula au njoo ya kuchapwa. Kwenye maandishi vyote hivyo havipo, zimebaki herufi tu zimejipanga mstari kama watoto wa paredi, kwa hiyo kila mtu anatafuta namna yake ya kuirudisha ile sauti, mmoja anaweka emoji, mwingine anavuta "jamaniiii", mwingine anapaka rangi au anaboldi. Hiyo ni moja. Ya pili ni woga wa kupitwa. Grupu lina watu 180, we umeandika kikao ni Jumapili saa 9, unajua kabisa ndani ya dakika tano utafunikwa na "amina" 40 na video ya mtu anacheza, sasa utaachaje kukoleza? Mi sioni ubaya wowote hapo, ni kama kupunga mkono kwenye kundi la watu stendi.

Shida ni kwamba rangi anapaka mwandishi ila maana anaiweka msomaji. Na we hukumfikiria msomaji wako.

Kuna mwanasaikolojia wa Kijerumani anaitwa Hedwig von Restorff, mwaka 1933 alionyesha kwamba ukimpa mtu orodha ya vitu vinavyofanana halafu kimoja kiwe tofauti, hicho kimoja ndo atakikumbuka kuliko vingine. Sasa irudie listi yako uitazame kama mtu baki. Majina yanashuka, kijani, kijani, kijani, njano, kijani, halafu katikati pale baba mdogo peke yake mwekundu. We ulidhani umeweka rangi tatu za hesabu, kumbe umehakikisha kwamba ukoo mzima, na upande wa bibi harusi juu yake, wataenda kulala wakikumbuka jina moja.

Halafu nyekundu yenyewe sasa. Mtu wa umri wa baba mdogo nyekundu alikutana nayo wapi? Kwenye kalamu ya mwalimu. Kwenye ripoti ya muhula, somo ulilofeli linaandikwa nyekundu ili mzazi asipate shida kulitafuta. Akakua, akaja kuiona kwenye kuta za nyumba pembeni ya barabara, ile X. Na hiyo X ni somo zuri sana la rangi, maana ikiwa nyekundu unaambiwa umejenga kwenye hifadhi ya barabara, bomoa mwenyewe na fidia hakuna, ila ikiwa ya kijani maana yake barabara ndo imekufuata wewe, subiri ulipwe. Herufi ile ile, brashi ile ile, mtu mmoja analia na jirani yake anapiga mahesabu ya kiwanja kipya. Wakorea ndo usiseme kabisa, kwao jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu, ni kama unamtakia kifo.

Lakini nyekundu haijazaliwa na kosa. Angalia Biblia ya mama kama ni zile zenye maneno ya Yesu kwa rangi nyekundu. Hiyo ilianza na mhariri mmoja wa New York, Louis Klopsch, alitoa Agano Jipya la hivyo mwaka 1899 na Biblia nzima 1901, na wazo lilimjia akisoma Luka pale kwenye kikombe cha agano jipya katika damu yangu. Humo nyekundu ni heshima ya juu kuliko zote. Ukienda kwenye misale ya padri mambo yanageuka tena, nyeusi ndo ya kusomwa kwa sauti, nyekundu ni maelekezo ya nini afanye, padri akizisoma zile nyekundu kanisa litamshangaa. Na ukidhani dawa ni kubadilisha uwapake wadaiwa kijani, mangi, watu wa Yanga wote watalefti.

Kwa hiyo fanya hivi. Majina yote weka meusi. Ongeza safu moja pembeni, andika kwa maneno TAYARI, NUSU, BADO, kama unataka rangi iweke kwenye hilo neno na siyo kwenye jina la mtu mzima. Maneno ni muhimu kwa sababu nyingine pia, kuna watu macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani, kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini inakadiriwa ni mwanaume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200, na huku kwetu wapo na wengine hawajijui, anaangalia listi yako anaona kila mtu kamaliza anashukuru Mungu.

Na baba mdogo usimtumie meseji, hata ya boldi. Nenda kwake, mama akutangulie, ikibidi mshike isale, lile jani la kuombea msamaha. Hiyo ni kijani ambayo Mchaga hakatai.

Niaje Anko, nipo Sakina. Nina shori wangu, kila usiku namwandikia jina lake kwa zile herufi za kupinda kama za kadi ya harusi, kuna app inatengeneza nakopi napesti. Juzi kaniambia kwake anaona viboksi tu. Wiki mbili zote viboksi! Ananizingua au? – Chalii wa Ara

Chalii hakuzingui, na huyo dada ana roho nzuri, wiki mbili anajibu viboksi.

Ile unayopesti siyo fonti. Iko hivi, kuna mpango mmoja wa dunia nzima unaitwa Unicode ambao unaipa kila herufi namba yake, ukibonyeza A hapa na mtu wa Japani aione A. Mwaka 2001 wakaongeza herufi maalum kwa ajili ya wanahisabati, kwa sababu kwenye hesabu zao R ya kawaida na R ya kupinda ni vitu viwili tofauti, na R nene ni kitu cha tatu. Watengeneza app wakaona mtaji. Yaani we umekuwa ukimtumia mpenzi wako alama za hesabu, simu yake ya zamani haina michoro ya hizo namba, inatoa boksi. Na kuna ubaya mwingine watu hawaujui, mtu asiyeona anayetumia simu inayomsomea kwa sauti, akifika hapo simu inaweza kuanza kumtajia "herufi ya hisabati ya kupinda" moja moja mpaka jina liishe, au inaruka kimya kabisa. Nimewahi kuona tangazo zima la kazi limeandikwa hivyo.

Zile nyota za WhatsApp zinazoboldi, ambazo zipo tangu 2016, hazina hiyo shida, maana herufi zinabaki zile zile. Ila kwa hilo la mwandiko wa kupinda mi ningekushauri kalamu. Kadi tunazo, bei ya rafiki.

Shikamoo Anko. Mama yangu yupo Ngaramtoni, tumemnunulia simu kubwa mwaka huu, kila meseji anaandika HERUFI KUBWA TUPU. "UMEKULA". "BABA YAKO ANAUMWA MGUU". Roho inanilipuka kila simu ikilia nadhani kakasirika. Nimwambieje bila kumkosea?

Marahaba mwanangu. Usimwambie kitu.

Hiyo kwamba herufi kubwa ni kupiga kelele ni adabu ya watu wa kompyuta, mama hajapitia huko. Mama kapitia fomu. Fomu ya benki, fomu ya shule, fomu ya kitambulisho, zote juu zimeandikwa JAZA KWA HERUFI KUBWA, kwa hiyo kwake hizo ndo herufi za kuandikia jambo la maana kwa mtu anayemheshimu. Na kabla ya fomu kulikuwa na kanga, soma jina la kanga yoyote kabatini kwake uone kama kuna herufi ndogo, na hamna mtu aliyewahi kusema kanga inafoka (isipokuwa mke mwenza, lakini huyo ni kesi nyingine). Inawezekana pia ni macho tu, haoni vizuri. Siku ukienda ingia kwenye setingi za simu yake ongeza ukubwa wa maandishi, halafu uone.

Anko mwenzangu, na mimi nina steshenari huku Mbauda. Mteja kaja anataka tanzia ya baba yake kwa Comic Sans na mapambo ya rangi, kijana wangu wa kazi akamcheka pale pale, aibu nimeona mimi. Hiyo fonti ina kosa gani?

Kosa ni la kijana, mwambie mteja mwenye msiba hachekwi.

Comic Sans ilichorwa na Vincent Connare pale Microsoft mwaka 1994. Alikuwa anaangalia programu yao moja inaitwa Bob, ndani kuna mbwa wa katuni anaongea, na maneno ya mbwa yameandikwa Times New Roman, fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na ikaanza kutumika humo 1932. Mbwa anaongea kama mhariri! Connare akaona haiwezekani, akachora herufi za kama kwenye vitabu vya katuni. Kwenye Bob haikuwahi kuingia ila ikaja kutoka enzi za Windows 95, ikasambaa kila mahali, na watu wa usanifu wakaichukia mpaka leo. Tarehe 4 Julai 2012 wanasayansi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, walitangaza wamepata chembe ya Higgs iliyotafutwa miaka karibu 50, mmoja wa viongozi wao, Fabiola Gianotti, akaonyesha matokeo kwa Comic Sans, na kuna watu waliacha kuongelea chembe wakaongelea fonti. Kwa hiyo mteja wako yuko na watu wakubwa. Mi binafsi kwenye tanzia siiweki, ila mteja akisisitiza mara mbili naweka, baba ni wake.

Kwenye rangi ndo kuwa mkali, maana mi mwenyewe nishaharibu. Kuna mama mmoja alikuja jioni na tanzia ya mumewe, msiba uko hapa hapa mjini na maziko ni Kibosho, akataka mistari ya chini iwe dhahabu. Nikaweka njano ile ya kung'aa, kwenye kompyuta ilipendeza, nikaprinti nakala 30 nikampa. Mstari wa mwisho ndo ulisema basi litaondoka saa 11 alfajiri. Asubuhi nimepita kwenye nguzo moja ilipobandikwa, hatua tatu tu nikaona karatasi ina picha, jina, tarehe, halafu chini weupe mtupu. Wanaoshughulika na maandishi ya kwenye skrini wana kipimo cha jinsi maandishi yanavyojitenga na rangi ya nyuma yake, nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, maandishi ya kawaida yasishuke chini ya 4.5 kwa 1, na hiyo njano yangu haifiki hata 1.1. Basi liliondoka na viti vitupu. Waliobaki walipanda vihaisi vya kuunga unga mpaka Moshi, wengine walifika watu wanakula.

Yule mama hakuniambia kitu. Alirudi baada ya mwezi hivi anataka kadi za shukrani, nikamuuliza safari hii tuweke rangi gani mama, akaniangalia muda kidogo, akasema nyeusi. Hela yake sikuichukua.