Jibu langu kwa anayeuliza ashike lugha gani ili asome mambo ya kale

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unaishi Bagamoyo, kazi yako ni kutunza hesabu za duka, na kwamba tangu shule ya msingi hakuna somo ulilolipenda kuliko historia. Umesema pia kwamba umejaribu Kiarabu, Kireno na Kijerumani kwa programu za simu, na kila lugha umeiacha kabla mwezi haujaisha. Sasa unauliza ushike lugha ipi, uanzie wapi, na kama mtu asiye na shahada ana nafasi yoyote katika akiolojia. Mimi nami sina shahada hiyo. Ni fundi umeme wa hapa Tanga, na mapenzi haya nimeishi nayo miaka kumi na minane. Nitakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe.

Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kuchagua lugha. Chagua mahali, pawe karibu kiasi cha kufikika kwa nauli ndogo, upaendee mara nyingi hadi upazoee, kisha mahali hapo penyewe patakudai lugha. Nadhani lugha tatu zimekushinda kwa sababu hakuna hata moja uliyokuwa na kitu cha kusoma kwayo.

Mahali pangu ni Tongoni, kama kilomita 17 kusini mwa mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani. Nilipapita miaka mingi nikienda kazini bila kushuka. Siku niliyoshuka nilikuta gofu la msikiti uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuuzunguka makaburi mengi, zaidi ya ishirini yakiwa ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimekwisha kuanguka na kulala majanini. Kwenye baadhi ya nguzo hizo kuna vishimo vya duara. Nilisimama mbele ya kimoja nisielewe, mpaka mzee wa hapo akanieleza kwamba humo ndimo mafundi walimopachika bakuli za kauri zilizotoka China. Bakuli zenyewe ziling'olewa zamani, lakini ukiinamisha kichwa jua likiwa upande utaona chokaa bado imeshika umbo la kitako cha bakuli, mduara laini usio na mchubuko, kama alama ya kikombe kwenye unga uliolowa. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na maswali ambayo hayajaniachia hadi leo.

Jina la mahali ndilo lililonifundisha kwanza, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Tongo, au matongo, ni mabaki ya makazi yaliyohamwa, kama vile tunavyosema mahame. Kwa hiyo jina la Tongoni lilitolewa na watu waliokuta mji umekwisha kufa. Mji uliokuwa hai haukuweza kujiita magofu. Uliitwaje basi? Uliitwa Mtangata, na hapo Kireno kikaingia maishani mwangu kwa haki, maana wakati wa safari ya kwanza ya Vasco da Gama, mwaka 1498, jahazi lake moja lililoitwa São Rafael lilikwama kwenye miamba ya sehemu hii, na Januari 1499, wakati wa kurudi, walilichoma moto hapo hapo kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha majahazi yote. Mwandishi wa habari za safari ile anasema kuku wengi waliletwa kutoka kijiji alichokiandika Tamugata, wakabadilishwa kwa mashati na bangili. Unguja ameiandika Jamgiber. Nilipoona Tamugata nikatamka Mtangata kwa sauti, nikaelewa kwamba nilikuwa namsikiliza mgeni aliyetega sikio mbele ya wauza kuku wa kwetu, akaandika alichodhani amekisikia. Sijui Kireno cha kuzungumza sokoni, wala sikihitaji. Nimejifunza kiasi cha kufuata kurasa zinazotaja pwani yetu, kamusi ikiwa pembeni, na kiasi hicho kimenitosha.

Kwa wewe wa Bagamoyo mahali panaeleweka: ni Kaole, mwendo wa baiskeli tu kutoka mjini, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi, mengine ya nguzo, na msikiti mkongwe zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Na kama uliwahi kukaa chuoni utotoni ukafundishwa herufi za msahafu, lugha ya kushika ni Kiarabu cha maandishi, kwa kuwa tayari una mtaji usioutambua. Wengi wetu wa pwani tunasoma herufi bila kujua maana, halafu tunajihesabu kuwa hatujui kitu. Tazama hesabu: sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia na elfu. Hayo yote tuliyachukua kwa Waarabu, na tarehe katika maandishi ya kale mara nyingi huandikwa kwa maneno. Kilichobaki ni kuzoea kwamba wao hutanguliza moja kabla ya makumi, na kulijua neno sana, yaani mwaka, ambalo hutangulia hesabu na kusomwa sanati.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi, yaani mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kuzunguka kibla, nayo yanataja mwezi wa Dhulkaada, ambao sisi tunauita Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijria. Kugeuza mwaka wa Hijria kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622: mwaka 500 unakupa 485, na ukijumlisha unapata 1107. Pale Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi lenye mwaka 802; fanya hesabu hiyo hiyo utakaribia kabisa 1399, ambao ndio mwaka unaotajwa. Wewe mtu wa hesabu utayafurahia haya kuliko nilivyoyafurahia mimi.

Nakuonya kwamba Kikufi ni kigumu, kwa sababu hakina nukta, na herufi za ba, ta, tha na nuni zikikaa katikati ya neno huwa jino moja tu lisilo na alama. Nilitumia miezi minne kwenye picha za maandishi ya Kizimkazi kabla sijaweza kufuata mstari kwa kidole bila kupotea. Sikufanya zaidi ya dakika ishirini kila usiku baada ya isha, lakini sikuacha usiku hata mmoja, maana niliyajua mawe niliyokuwa nikiyasoma. Malipo yake huja ghafla. Sarafu za shaba za Kilwa za sultani Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili zimeandikwa kwamba anamtumainia Mola mwenye fadhila, kwa maneno yanayoishia na al-minan. Al-Hasan, al-minan: ukigeuza sarafu unapata kina! Mtu yeyote aliyelelewa na mashairi atajua furaha niliyoipata kutambua kwamba hela ya sokoni Kilwa ilikuwa na vina kama ubeti.

Ukishapata herufi, usiishie kwenye Kiarabu, kwa sababu hazina iliyo karibu nawe zaidi ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo. Barua za Kiswahili kongwe zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa Goa, India. Lakini karatasi za namna hiyo zimo pia katika masanduku ya bibi zetu. Miaka tisa iliyopita nilikwenda kutengeneza nyaya kwenye nyumba moja kongwe hapa mjini, na mama mwenye nyumba, aliposikia kwamba nasoma maandishi ya kale, alinitolea karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya kitambaa. Familia iliitunza kwa vizazi wakiamini ni dua ya kinga, na hakuna aliyethubutu kuikunjua. Niliomba ruhusa nikaiweka mezani, nikasoma polepole, na sikuona aya yoyote baada ya Bismillahi. Ilikuwa hati ya rehani ya minazi kumi na minne.

Neno lililonikwamisha siku ile lilikuwa la mahali. Nililisoma Baghani, nikauliza wazee watatu iko wapi Baghani, hakuna aliyeijua. Kiarabu hakina p, kwa hiyo waandishi wetu wengi wa zamani waliweka ba mahali pake. G waliiandika kwa ghaini. Na nuni inayotangulia g hawakuiandika kabisa, kwa kuwa msomaji alitarajiwa kuijaza mwenyewe. Soma upya kwa kanuni hizo: ba inakuwa pa, gha inakuwa nga, na Baghani inakuwa Pangani, mji ninaokwenda kila mwezi. Na irabu zetu tano zilibebwa na alama tatu tu, fataha, kasra na dhumma, hivyo e na i huandikwa sawa, o na u huandikwa sawa, na maana ya sentensi ndiyo inayoamua. Mama yule aliponisikia natamka jina la babu yake mzaa baba katika orodha ya mashahidi, alininyamazisha kwa mkono, akawaita wanawe kutoka uani, akaniambia, "Soma tena, mwanangu, na hawa wasikie." Nikasoma mara tatu.

Sasa nije kwenye swali lako la akiolojia, na hapa nina kosa la kuungama. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naokota vigae ufukweni na kwenye magofu, hasa vya rangi ya buluu na nyeupe na vile vya kijani kinachometa, nikavijaza kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku moja nilimwonyesha mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuja kupima makaburi. Alivitazama kwa heshima, akageuza vitako, akaniambia hiki ni cha China, hiki cha Uajemi, kisha akaniuliza kila kimoja nilikiokota wapi. Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba kigae kikiwa kwenye tabaka lake la udongo kinaweza kuutajia ukuta umri wake, lakini kikishatoka bila kuandikwa mahali pake kinabaki kipande kizuri cha sahani. Vipande vile thelathini na kimoja havitasema tena. Kisheria pia nilikosea, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu binafsi kuchimba wala kuondoa vitu hivyo bila kibali.

Kuna kosa la pili ndani ya kopo lile, na kwangu ndilo zito zaidi. Humo hamkuwa na kigae hata kimoja cha chungu cha kwetu. Nilivikanyaga vigae vya udongo mwekundu na mweusi vyenye michoro ya pembetatu na mistari, nikainama kuokota vya kigeni tu, wakati kwenye miji ya kale ya pwani vyungu vya wenyeji ndivyo vilivyo vingi mno na kauri ya ng'ambo ni sehemu ndogo. Kwa miongo mingi watu waliandika kwamba miji hii ilijengwa na wageni, na mojawapo ya sababu ni kwamba macho yao yaliona walichotaka kuona, kama yangu. Uchimbaji wa Shanga katika kisiwa cha Pate, uliofanywa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980, ulifuata tabaka baada ya tabaka hadi kwenye misikiti midogo ya miti na udongo iliyotangulia ile ya matumbawe, na mwanaakiolojia wa Tanzania, Felix Chami, ameonyesha kwamba vyungu vile vya pembetatu vinapatikana pwani na hata mbali bara. Mji wa mawe ulikua kutoka kwenye kijiji cha wenyeji. Ukienda Kaole, tafadhali anza kwa kutazama vigae visivyong'aa, na viache hapo hapo vilipo.

Mtu asiye na shahada ana kazi nyingi. Anaweza kupiga picha za jiwe lile lile kila mwaka ili ufa mpya uonekane, kuandika majina ya mashamba na visima kabla wazee hawajaondoka, na kumwarifu mhifadhi mti unapoota ukutani. Nguzo moja ya Tongoni ninayo kwenye picha za miaka kumi na mitatu. Kuhusu Kijerumani, kiweke akiba, isipokuwa kama moyo wako uko kwenye mambo kama reli ya Usambara iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893; hapo hutakikwepa, pamoja na herufi zake za zamani. Badala yake tega sikio kwa lugha za jirani. Nilikuwa nasikia Kidigo kazini kila siku bila kukijali, hadi nilipotambua kwamba matso yao ni macho yetu, na kwamba lugha hizi zimetoka tumbo moja.

Nenda Kaole asubuhi na mapema au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni huinua herufi ambazo mchana hazionekani. Usipake chaki wala kumwagia maji jiwe lolote, hata ukimwona mwingine akifanya hivyo. Lipate neno sanati kwanza, kisha nakili yanayofuata jinsi yalivyo, ukiacha nafasi tupu palipofutika badala ya kujaza unachokisia, na ubandike picha hapa. Nitakuwa na kamusi mezani, tusome pamoja.